Injini ya Baba Yenu Iko Sebuleni Kwangu

Kwa Wifi Mkubwa,
Mwenyekiti wa Vikao vya Ukoo, Mtunza Kadi ya Gari la Marehemu, na Mlezi wa Mume Wangu kabla sijamchukua.

Yah: Kuondolewa kwa injini sebuleni, au kuondolewa kwangu

Wifi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha sufuria. Barua yenye uzito kama hii ilistahili kuandikiwa sebuleni, mtu amekaa kitako na amevaa vizuri. Lakini sebuleni hakuna nafasi. Sebuleni kuna injini.

Najua habari zilizokufikia ni kwamba mdogo wako anamtengeneza Kobe, lile gari la Kiingereza alilotuachia marehemu baba yenu, na kwamba kazi inakwenda vizuri. Habari hizo amekupa yeye mwenyewe kwa simu. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia akilitamka hilo neno "vizuri" huku amesimama juu ya kitambaa changu cha mezani. Kwa kuwa kesi haihukumiwi kwa kusikiliza upande mmoja, naomba uvae miwani, ukae, usome na upande wa pili mpaka mwisho. Ukiona mahali nimekosa adabu, ujue ni harufu ya petroli.

Ilianza hivi. Kobe alianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kuliko petroli. Akaitwa Fundi Kesho, ambaye jina hilo hakupewa na wazazi wake, kalitafuta kwa jasho lake. Akaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu huku amefumba macho. Kisha akasema ringi zimekwisha, hakuna njia ya mkato, ni kushusha injini. Mimi nikajua tumemaliza, gari linakwenda gereji. Mdogo wako akasema gereji haliendi ng'o, kwa sababu injini ya Mwingereza ikilala gereji huamka ikiwa ya mtu mwingine. Basi kazi ikaletwa nyumbani.

Unaikumbuka baraza yetu, na ile boriti nene ya chuma juu yake. Walimsogeza Kobe mpaka pua yake ikaingia barazani. Wakafungua boneti, wakaitoa kabisa. Wakamwaga maji, wakamwaga oili katika beseni langu la kufulia, wakatoa rejeta, kabureta na bomba la moshi, wakafungua bolti zinazoishika injini na giaboksi. Wakaning'iniza winchi kwenye boriti, wakafunga minyororo, wakaanza kuvuta. Wenyewe wanaita kushusha injini, lakini mimi niliiona kwa macho yangu ikipanda. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini msamiati wao.

Injini ikiwa ingali hewani, mvua ikanyesha. Wakalisukuma gari nyuma, wakaitua injini juu ya tairi kuukuu, wakaliburuta tairi mpaka ndani, wakaliacha katikati ya zulia, pale ilipokuwa meza ndogo. Nikaambiwa ni mpaka mvua ikatike. Mvua ilikatika jioni ileile, wifi. Imeshanyesha tena na kukatika mara nyingi, na imefika mahali mahindi ya jirani yamebeba. Injini haijatoka.

Sasa naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa namba, kama mlivyotufundisha kwenye vikao.

1. Kuhusu hadhi ya injini ndani ya nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nikaheshimu. Siku mbili za kwanza niliipita nikiwa nimepandisha gauni nisije nikashika grisi. Siku ya tatu nikaipa jembe: niliitundikia taulo mbili na soksi za mdogo wako zikauke. Aliporudi kazini alishika kichwa. Akaniuliza kama najua maji yanafanya nini kwenye silinda. Nikamjibu najua maji yanafanya nini kwenye soksi. Soksi hazikukauka. Naomba kikao kitamke wazi kama injini hii ni mgeni, ni mkazi, au ni mali ya serikali, maana kila hadhi ina kazi zake na mimi sijaona yake.

2. Kuhusu wanaokuja kutoa pole. Mtaa mzima umeshapita. Wanavua viatu mlangoni, wanaingia kwa sauti ya chini, wanaizunguka, wanatikisa vichwa, kisha wanamgeukia mdogo wako na kumwambia pole sana. Naye anajibu kwamba sasa kuna nafuu, jana imefunguliwa kichwa. Mimi nilipougua mgongo hakuja hata mmoja. Alikuja mama muuza mkaa tu, na yeye alifuata gunia lake.

3. Hili ni refu, vumilia. Nyaya za Kobe zamani zilikuwa na rangi zake, nyekundu, kijani, njano. Kwa uzee zote zimekuwa za rangi moja, ya chai iliyokosa maziwa. Fundi Kesho alisema ziwekewe alama kabla ya kuzichomoa. Mtu mwingine angeandika namba. Mdogo wako akasema namba atazisahau, lakini ndugu zake hawezi kuwasahau. Akachana shuka langu vipande vyembamba, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akaufungia kila waya jina la mtu wa ukoo kwa kadiri ya tabia yake.

Wewe, wifi, umefungwa kwenye waya mnene wa betri, kwa kuwa bila wewe hakuna jambo linaloanza. Shangazi yenu kapewa geji ya petroli, maana ndiye anayejua nani kaishiwa. Mama yangu mzazi kapewa honi. Nilikwenda kumshitakia, nikijua atanuna hata asusie nyumba yetu. Alicheka mpaka akakaa chini, na sasa kila nikimpigia simu anauliza honi yake inaendeleaje. Kwa hiyo mama nimeshamkosa upande wangu.

Balaa lilikuja ndugu walipopata habari. Kila aliyepita kutusalimia aliomba kwenda kujiona. Kitinda mimba wenu alipogundua kwamba yeye ni waipa, tena ya upande wa abiria, uso ulimshuka. Mdogo wako alipoingia ndani kufuata maji ya kunywa, kitinda mimba akajifungua, akajifunga kwenye waya wa stata. Aliyekuwa stata, binamu yenu wa kwanza, alipokuja akajikuta hana mahali, naye akajihamishia taa kubwa za mbele. Wa taa za mbele wakasukumwa nyuma kwenye taa za breki. Shangazi hakuhama, ila alibandua watu wawili waliokuwa karibu naye, akidai hasemi nao tangu ule msiba.

Matokeo yake, Fundi Kesho alipokuja kurudisha nyaya kwa kufuata majina na kujaribu taa, akabonyeza swichi ya taa, mama yangu akalia. Akabonyeza breki, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Mzee wa watu akashuka garini, akakaa juu ya ndoo, akasema amefanya kazi kwa magari yaliyoungua na yaliyotumbukia mtoni, lakini hajawahi kukuta gari ambalo ndugu wameligombania kwa ndani. Sasa hakuna anayejua waya upi ni upi, na kila ndugu akiulizwa alikuwa wapi mwanzo anajitaja penye heshima. Injini inasubiri nyaya, nyaya zinasubiri ukweli, na ukweli katika ukoo wenu unaujua mwenyewe unavyotoka.

3(b). Nilitaka kulificha hili lakini limenikaa kooni. Mimi nilijitafuta kwenye nyaya zote. Nikajikuta kwenye waya mmoja mwembamba, nyuma kabisa, unaotoka mahali pasipoonekana na kwenda mahali pasipoonekana. Nikamuuliza mdogo wako huu ni wa nini. Akasema hajui. Hata Fundi Kesho hajui. Wanachojua ni kwamba siku moja zamani ulichomoka, Kobe akazima katikati ya barabara, na haukuonekana ubovu mwingine wowote mpaka uliporudishwa. Mke wa mtu nimewekwa kwenye waya usiojulikana kazi yake! Nimelitafakari hili nikifua, nimelitafakari nikipika, na bado sijaamua nikasirike kiasi gani.

4. Boneti iko chumbani, upande wangu wa kitanda. Sina la kuongeza.

5. Kuhusu mswaki. Kila jioni injini inasuguliwa kwa parafini na mswaki, kipande kwa kipande, mpaka ndani ya vitundu. Mswaki huo ulikuwa wangu. Nilipewa mwingine, mgumu, na nikaelezwa kwamba ule laini ndio unaofaa kwa alumini.

6. Kuhusu maneno. Wifi, wewe ndiye uliyemlea mdogo wako, kwa hiyo unajua alivyo. Miaka yote ya ndoa yetu nimeishi na mtu wa maneno mawili, "ehe" na "sawa". Akitoka kazini alikuwa anapitia kijiweni kwa wacheza drafti, anarudi chakula kimeshapoa, anakula, anasema sawa, analala. Nilizoea. Nilikuwa na redio yangu, na vipindi vyangu nilivijua kwa saa.

Sasa hali imeharibika. Anatoka kazini anakuja moja kwa moja nyumbani. Anavaa ovaroli, anakaa kwenye ndoo mbele ya injini, na anaongea. Ananieleza valvu inafungua lini na inafunga lini. Kutoka kwenye valvu anaingia kwa baba yenu: jinsi alivyomruhusu kushika usukani akiwa amempakata, jinsi mdogo wako alivyogonga geti, na baba yenu akasema geti ndilo lililosogea. Juzi ameniambia kwamba siku aliyoniona mara ya kwanza, Kobe alikuwa amezima mbele ya duka la cherehani nililokuwa nikifanyia kazi, na kwamba hakuzima. Alimzima yeye mwenyewe. Alishaniona nikining'iniza magauni dirishani. Halafu akamsukuma peke yake mbele ya dirisha, kwenda na kurudi, akijidai anatafuta ubovu, mpaka nilipotoka kumletea maji.

Nimeolewa na mtu huyu, nimemzalia watoto, wamekua wameondoka, na jambo hilo nimelijua juzi, kupitia injini. Nilifurahi, sikufichi. Halafu nikakasirika kwa kufurahishwa na chuma. Kipindi changu cha redio kilikuwa kimeshapita.

7. Kuhusu kushikishwa tochi. Mimi ndiye ninayemulika. Mkono wangu wa kulia unauma, na nikiupumzisha naambiwa mwanga umehama. Zaidi ya hapo, akili yangu imeingiliwa. Sokoni juzi nilimwambia mwenye mizani kwamba nati yake imelegea na anatumia spana isiyo saizi yake, ndiyo maana inakula kona. Watu wakanitazama. Nilikuwa fundi cherehani mwenye heshima zangu.

Namba nane nilikuwa nayo nikisafisha samaki, sasa imenitoka. Ilikuwa nzito, iweke tu kwenye hesabu.

Wifi, tuyaweke mambo haya pamoja kwa utulivu. Kuna kitu ndani ya nyumba yangu kinachooshwa kila jioni, kinachofunikwa kitambaa nilichokifuma kwa mikono yangu, kinachotembelewa na kuulizwa hali, kinachokaa katikati ya sebule bila kufanya kazi, na ambacho mume wangu akirudi anakiangalia kabla ya kuniangalia mimi. Kitu cha namna hiyo, popote pale duniani, hakiitwi kipuri. Kinaitwa mke.

Sikatai kuletewa mwenzangu. Nakataa kuletewa kinyemela, kwa kisingizio cha mvua. Kama ni mke, basi taratibu zifuatwe. Wakwe waje. Na kwa kuwa wakwe wenyewe ni Waingereza, waandikiwe rasmi, wavuke bahari, waje wakae kwenye viti vyangu, tuwaulize walimlea vipi binti yao mpaka anavuja oili juu ya zulia la watu. Igawanywe zamu ya jikoni. Kama haiwezi kupika, ichote maji. Kama haiwezi kuchota maji, angalau ijue kupokea simu zako, maana hizo nazo ni kazi.

Na kama si mke, itoke.

Ombi langu ni hili. Amepatikana mtu, mpambaji wa harusi, anayebeba maharusi kwa magari ya zamani. Amemwona Kobe uani na ameiona injini sebuleni. Yuko tayari kumchukua jinsi alivyo, na injini yake, na winchi, na nyaya pamoja na ukoo mzima ulioning'inia humo. Anakuja na lori na vijana wake Jumamosi. Mdogo wako hajui. Kadi ya gari unayo wewe, na neno la mwisho ni lako, kwa hiyo nimemwambia mnunuzi asubiri sauti yako. Nimemalizia barua hii kwa namba yake ya simu, upande wa nyuma. Piga tu, sema ndiyo, halafu nitajua namna ya kumweleza mdogo wako. Nitaanza kwa chai.

Usifikiri natania. Ukisema hapana, nitafunga mzigo wangu, na boneti ya upande wangu wa kitanda nitaondoka nayo, tuone watafunika nini. Nataka sebule yangu. Nataka meza yangu ndogo irudi mahali pake, nataka kukaa jioni kwenye nyumba safi, kimya, inayonukia sabuni, nisikilize redio yangu mpaka mwisho bila kuulizwa niko upande gani na tochi. Hiyo ndiyo raha niliyokuwa nayo, na ndiyo ninayoidai.

Msalimie sana bwana wako, na umwambie mgongo wangu umepona bila msaada wake. Wasalimie wanangu wote huko, wakubwa kwa wadogo. Msalimie jirani yako yule mshonaji, mwambie mkasi wake nitaurudisha ukishasafishwa. Shangazi akipita msalimie pia, ila barua usimwonyeshe. Wote huku wazima, na injini nayo inawasalimu.

Ni mimi wifi yako, katika ukoo na katika grisi,

Mke wa mdogo wako.

Tanbihi. Wifi, usipige simu kwanza.

Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha nikasikia kelele barazani. Kumbe Fundi Kesho amefika leo, jambo ambalo lenyewe ni muujiza, na ameleta mwenzake fundi umeme. Huyo hakusoma jina la mtu yeyote. Amezifuata nyaya moja moja kutoka mwisho wake, akabandua ukoo mzima, akabandika namba. Zimekaa zote. Injini nayo imefungwa imekamilika, ina ringi mpya na gasketi mpya. Mume wangu aliniita sebuleni nione. Akaingiza ule mkono wa chuma wa kuzungushia, akaizungusha taratibu, ikageuka laini, haikukwaruza popote. Akanitazama kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule. Akasema kesho asubuhi inarudi kwenye gari, na jioni nitapata sebule yangu. Akasema pia wenzake wa drafti wametuma salamu, kiti chake bado wanamwekea.

Akaanza kukusanya spana.

Sijui nini kilinishika, wifi. Niliiangalia ile nafasi kwenye zulia kabla haijawa nafasi. Nikaisikia redio. Nikamwambia mume wangu asimame kidogo, azungushe tena, maana nimesikia kitu ndani, kama tik.

Akazungusha. Akasema hasikii. Nikasema mimi nasikia. Fundi Kesho akafumba macho, akasikiliza, na Mungu ambariki, akasema kama mama amesikia basi ipo, tufungue kesho.

Mwambie mpambaji wa harusi Kobe hauzwi. Wakwe usiwaandikie. Barua hii ningeichana, lakini naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeshabandika stempu, na pia nataka uione ile 3(b) unisaidie kuielewa.

Tik yenyewe haipo, wifi. Sikusikia kitu. Lakini mume wangu ameshavaa tena ovaroli, amekaa kwenye ndoo, bolti ya kwanza ameshaifungua, na ananiita mimi niliyesikia nije nimwonyeshe ilitokea wapi. Naenda kuitafuta.